Nasambu na Ini Lililohama

Ukitaka kumkasirisha Nasambu, mwite mpiga picha. Atakutazama kuanzia kiatu mpaka utosi, kisha atakuuliza kama unataka ya pasipoti au ya harusi. Yeye ni mtaalamu wa mashine ya CT, ile yenye tundu kubwa la duara, inayomzunguka mgonjwa na kuuonyesha mwili wake kipande kwa kipande bila kisu kumgusa. Kufika hapo kumemla miaka kumi na saba, na haoni kwa nini mtu aifupishe safari hiyo kwa jina la studio.

Alizaliwa upande wa Bungoma, lakini Nyalenda ndiyo iliyomlea. Baba yake alikuja Kisumu kufuata kazi za mjengo, mama akafungua kioski ya maji, na mtoto akakulia kati ya mitungi na foleni. Watu wa mtaa wanamkumbuka kwa jambo moja: alijua kila kitu kiko wapi. Mgeni akija kumtafuta shangazi yake katika ule msongamano wa mabati, aliletwa kwa Nasambu, naye alimwelekeza mpaka rangi ya pazia. Kidato cha nne alifanya vizuri katika fizikia na baiolojia, na mwalimu wake akamwambia kuna kazi ya kutazama ndani ya watu bila kuwapasua. Msichana aliuliza kama kazi hiyo ipo kweli au mwalimu anamtania.

Ipo, na ina ngazi zake. Miaka mitatu ya stashahada chuoni, akijifunza mifupa yote kwa majina, na namna ya kuielekeza mionzi ipite panapotakiwa na isipite pasipotakiwa. Mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini chini ya wakubwa. Mtihani wa bodi, leseni, kisha ile beji ndogo ya kifuani inayopima mionzi iliyomfikia mwenye kuivaa. Baada ya hapo, miaka tisa ya eksirei za kawaida katika hospitali moja mjini Kisumu: vifua vya kikohozi, mikono ya walioanguka na bodaboda, watoto waliomeza sarafu. Alikuwa hodari, tena mwepesi. Picha ikitokea imepinduka kwenye skrini, kidole chake kilishabonyeza kitufe cha kuigeuza kabla wengine hawajainamisha shingo.

Ndipo hospitali ikapata mashine ya CT. Kwa mara ya kwanza wagonjwa wakaacha kupakiwa kwenye ambulensi kwenda kupimwa miji mingine. Lakini mashine ni kitu kimoja na mwenye cheti cha kuiendesha ni kitu kingine, na mwenye cheti alikuwa mmoja tu, Mzee Oyugi. Huyu ni mrefu, mpole, na huvaa sweta hata Kisumu ikiwa inachoma, kwa sababu chumba cha mashine hupozwa kama jokofu. Oyugi alikuwa ameshaandika barua ya kustaafu. Desemba ya mwaka wa tatu kutoka hapo ingemkuta nyumbani kwake Kisian, akifuga kuku. Wakubwa wa hospitali walisema waziwazi kwamba kama hatapatikana mwenye cheti mwingine kabla ya hapo, chumba kitafungwa na wagonjwa watarudi kwenye ambulensi.

Kwa hiyo Nasambu, mwenye miaka thelathini na mmoja, akarudi shule. Masomo mengine aliyapata kwenye simu akiwa nyumbani, mengine kwa majuma kadhaa huko Nairobi. Zaidi ya yote kulikuwa na daftari. Kozi ilimtaka mwanafunzi aendeshe mashine mara mia moja na hamsini kwa mkono wake mwenyewe, huku msimamizi akimwangalia, na kila mgonjwa aandikwe: amekuja na nini, amelazwaje, ameingiaje, amepewa dawa gani, picha zimetokaje. Msimamizi anaweka sahihi kila mstari.

Wanafunzi wenzake walikuwa na neno lao, kupika daftari. Ukipungukiwa, unajaza wagonjwa uliowaona kwa mbali, au uliosikia habari zao, na msimamizi mwenye huruma anatia sahihi ukurasa mzima akinywa chai. Nasambu alipofika mgonjwa wa mia moja na kumi na nane, mashine ikaharibika majuma saba. Kila Jumatatu alikwenda kuuliza kama fundi amefika. Oyugi akamhurumia.

"Nyar Bungoma," akamwambia, maana hivyo ndivyo alivyozoea kumwita, binti wa Bungoma, "si uandike tu wale uliona nikifanya? Ulikuwa hapo. Uliona."

"Niliona, Mzee. Sikufanya."

Akangoja. Ule mwaka ukampita, wenzake wakafanya mtihani bila yeye, na yeye akamaliza mia moja na hamsini zake mwaka uliofuata, akiwa amebakiwa na nafasi moja tu kabla Oyugi hajaondoka. Mtihani wa kuandika aliupita bila jasho. Ukabaki wa vitendo: kumshughulikia mgonjwa mmoja wa kweli mwanzo mpaka mwisho, mtahini akiwa pembeni.

Mtahini alikuja Jumanne ya Agosti kutoka Nairobi, anaitwa Mathews, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni na sura ya mtu aliyekunywa uji usio na sukari. Alimsomea masharti yote bila kuinua macho. Sharti la mwisho alilisoma mara mbili: kosa la upande, yaani kuchanganya kulia na kushoto kwa mgonjwa, halina maksi za kuponea. Ukilifanya, umeanguka, hata kama mengine yote ni safi, na utangoja mwaka mzima, ukiwa na wagonjwa hamsini wapya daftarini.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bwana."

Mgonjwa alikuwa Mama Dorca, muuza mananasi kutoka Sondu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. Hakuwa na maumivu popote, ila mkojo wake ulikuwa na damu, na alikuja na barua ya daktari yenye maneno machache: figo zichunguzwe. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshamtengea nafasi Alhamisi, akingoja picha tu ajue pa kukata.

Mama Dorca aliitazama mashine, akaitazama meza yake nyembamba, kisha akawatazama Mathews na Oyugi.

"Hawa wanaume watoke kwanza. Mimi sipandi kitanda wakiniangalia."

Wakatoka. Hata Mathews, na kalamu zake zote, alitoka, akaenda kwenye chumba kidogo cha kompyuta, kinachotazama mashine kupitia dirisha la kioo, na kuanza kulipekua daftari la Nasambu. Mama akasogea mezani, akasimama tena.

"Na hii shimo, naingia na nini kwanza?"

"Na kichwa, Mama."

"Kichwa? Kichwa ya mtu haitangulii kwa shimo! Miguu ndio itangulie. Ikiona mambo mbaya, inarudi."

Nasambu alicheka, na hakubishana. Mgonjwa mwenye hofu hatulii, na asiyetulia huharibu picha, na picha ikiharibika anaongezewa mionzi bure. Akamgeuza, miguu mbele. Akamfunika shuka, akampata mshipa kwa sindano moja, akamuuliza habari za sukari, za mzio, za dawa za mitishamba. Akamfundisha kushika pumzi kwa Kijaluo chake cha Nyalenda, na mama akacheka mpaka pumzi yenyewe ikamtoka, wakaanza upya. Mtu akimwona Nasambu katika dakika kama hizo anaelewa kwa nini wagonjwa humuulizia kwa jina. Hakimbizi mtu, wala hababaishi mtu.

Kisha akaenda kwenye kompyuta na kusahau jambo moja. Mashine haina macho. Lazima iambiwe mgonjwa ameingia vipi, na isipoambiwa, inaamini ameingia na kichwa kama watu wote.

Picha ya kwanza, ile ndogo ya kupimia, ikatokea chini juu. Hiyo ilikuwa mashine ikimwambia kwa lugha yake kwamba kuna kitu hakiendi sawa. Lakini kidole kilichofanya eksirei miaka tisa hakikungoja kuambiwa. Kilibonyeza kitufe, picha ikageuka, ikapendeza. Mathews wakati huo alikuwa ameinamia ukurasa wa mgonjwa wa arobaini. Oyugi alikuwa akifunga vifungo vya sweta. Kazi ikaendelea, dawa ikaingia, mama akashika pumzi vizuri kuliko kijana, na vipande vikaanza kumiminika kwenye skrini.

Mathews akainua macho. Kalamu ikamwanguka.

"Hebu simamisha hapo. Ini liko wapi?"

Ini la kila mtu liko kulia. La Mama Dorca lilikuwa kushoto. Bandama ilikuwa kulia. Hata ncha ya moyo ilijitokeza upande usio wake. Watu wa namna hiyo wapo kweli, mmoja katika maelfu, wamezaliwa viungo vimebadilishana pande, nao huishi na kuzeeka bila kujua. Oyugi hakuwa amemwona hata mmoja kwa miaka yake yote ya kazi.

"Nyasaye wangu!" akamwita Mungu kwa Kijaluo, akaenda kuwaita watu wa maabara waje waone.

Uvimbe nao ulionekana, mkubwa kama ndimu, kwenye figo ya kulia. Mathews alikagua kila kipande. Picha zilikuwa safi mno, hakuna iliyotikisika. Sura ya uji ikaanza kuingia sukari.

"Una bahati, binti. Mtihani wa mtu mwingine hauwi hivi. Nikimaliza kuandika nitakuambia, lakini nadhani unajua mwenyewe."

Habari zikamfikia Mama Dorca kabla hajamaliza kuvaa.

"Mama, ini yako iko upande ya kushoto," Oyugi akamwambia mlangoni.

"Iko huko kufanya nini?"

Alipoelezwa, alinyoosha mgongo. Dakika tano baadaye benchi lote la korido lilikuwa linajua kwamba tangu utotoni yeye hakuwa kama dada zake, na kwamba mama yake mzazi alipata kulisema hilo.

Nasambu alikuwa na furaha ya kutaka kuruka, lakini kabla ya kuruka alikuwa na mstari wa kuandika. Hakuwahi kuacha mgonjwa akatoka kabla hajamwandika. Akalifungua daftari lake. Jina. Umri. Amekuja na nini. Amelazwaje: chali. Ameingiaje.

Akaandika: miguu kwanza.

Mkono ukasimama juu ya karatasi. Akainua macho kwenye skrini, kwenye kona ya juu, palipoandikwa kwa herufi ndogo kwamba mgonjwa ameingia na kichwa. Akakumbuka picha iliyotokea chini juu, na kidole chake.

Aliinuka, akaenda korido, akapiga goti mbele ya Mama Dorca aliyekuwa katikati ya hadithi.

"Mama, niruhusu kidogo."

Akaweka kiganja kwenye kifua cha mama. Moyo ulikuwa ukipiga kushoto, palepale unapopiga wa kila mtu. Basi ini nalo lilikuwa kulia, halijahama hata kidogo, na uvimbe ulikuwa kwenye figo ya kushoto. Alhamisi daktari angemfungua mama huyu kulia na kutoa figo isiyo na ugonjwa.

"Nini, nyathina, mtoto wangu? Umebadilika uso."

"Nimekosea kitu, Mama. Ngoja nirudi."

Kutoka benchi lile mpaka chumba cha kompyuta ni hatua kama ishirini, na Nasambu anasema hajawahi kutembea mbali hivyo. Aliona njia nyingine, nyepesi, tena haikuwa na ubaya kwa mgonjwa. Mathews alikuwa na ndege ya saa kumi. Angengoja atie sahihi na kuondoka, kisha ampigie daktari wa upasuaji jioni hiyohiyo, picha zisahihishwe kwenye kompyuta bila kumrudisha mama mashineni, na Alhamisi kisu kiende kushoto kinakotakiwa. Mama angepona. Cheti kingepatikana. Desemba ingekuja na chumba kisingefungwa. Nani angeumia? Aliligeuza swali hilo kichwani mpaka hatua ya kumi na tano. Alichopata ni hasira, amekikasirikia kidole chake, amemkasirikia Mathews kwa sharti lake, amewakasirikia hata wale watu wa maabara waliokuwa bado wanaishangaa skrini. Na kwa hasira hiyohiyo akaingia na kusema yote kabla hajatulia, kwa sababu alijua akitulia hatasema.

"Hakuna ini lililohama. Mgonjwa aliingia na miguu, nikasahau kuiambia mashine. Picha ilipotokea chini juu, nikaigeuza kama eksirei. Uvimbe uko kushoto. Kosa ni langu."

Watu wa maabara wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Oyugi akajishika kichwa. Mathews aliitazama karatasi yake ya maksi, ambayo tayari ilikuwa na wino. Kisha akavua miwani.

"Saa kumi ningekuwa uwanja wa ndege. Hukufikiria hilo?"

"Nimefikiria, Bwana."

Oyugi akaingilia. "Mwalimu, msichana amejikamata mwenyewe. Nusu saa haijaisha! Mimi na wewe tulikuwa hapa, tumesoma mpaka nywele zimeisha, na hakuna aliangalia kwa kioo aone miguu iko wapi. Tuliangalia skrini tu."

"Ni kweli," Mathews akasema. "Nami nitaandika hivyo kuhusu mimi. Lakini sharti ni lile." Akakata maksi zote kwa mstari mmoja, akaandika kwamba ameanguka, akatia sahihi. Alipompa mkono, aliushika kwa mikono yake yote miwili, na Nasambu aliona macho ya yule mtu yamelowa.

Kuna watakaosema Mathews ana roho ya jiwe. Nasambu mwenyewe hakubali. Anasema sharti lile liliandikwa kwa ajili ya figo za watu, na kama lingelegezwa kwa mwenye sura nzuri na maelezo matamu, lisingekuwa sharti. Mwandishi wa habari hizi angelilegeza, lakini yeye hakukabidhiwa mashine.

Jioni ile Oyugi alipanda ofisini kwa wakubwa, akaomba barua yake ya kustaafu irudishwe. Wakamuuliza kwa nini. Akasema kuku watangoja, kwa maana amepata mtu wa kumwachia chumba na mtu huyo hatakuwa tayari mpaka mwaka kesho. Wakamkumbusha kwamba mtu huyo ameanguka. Akasema ndiyo, huyohuyo.

Nasambu akatimiza wagonjwa hamsini wengine, akafanya mtihani upya Agosti iliyofuata, akapita. Leo cheti chake kiko ukutani, na wanafunzi wanaletwa kwake hata kutoka Siaya na Homa Bay. Kwake hakuna kupika daftari. Na kabla mgonjwa hajasogezwa hata inchi moja, mwanafunzi husimama na kusema kwa sauti, "Anaingia na kichwa," au "Anaingia na miguu," na mwingine lazima aangalie kwa kioo na kuitika. Wageni huona ni mchezo wa chekechea. Siku ya kwanza Nasambu huwaonyesha barua yake ya kuanguka, na mchezo hauwachekeshi tena.

Lakini tumekimbia mbele mno, tumeiruka Jumamosi moja.

Alhamisi ile, baada ya picha kusahihishwa, Mama Dorca alifunguliwa kushoto, na uvimbe ulikuwa pale, figo hiyo ikatolewa. Jumamosi Nasambu alikwenda wodini kumjulia hali. Tangu Jumanne hakuwa amelia. Alikuwa ameenda kazini, amerudi, amepika ugali, amemwambia mama yake matokeo kama mtu anayesoma habari za redio. Alimkuta mgonjwa ameegemea mito, mnyonge, sauti imepungua nusu lakini haijaisha.

"Kumbe mimi ni mtu ya kawaida tu," Mama Dorca akalalamika. "Na vile nilikuwa nimeambia watu wa Sondu."

"Nisamehe, Mama."

"Wameniambia umeanguka mtihani juu ya figo yangu."

"Hapana, Mama. Nilianguka kwa kosa langu mwenyewe."

Mama Dorca aligeuka kidogo kwenye mito. Aliutafuta mkono wa Nasambu kwenye blanketi, akauvuta, akauweka taratibu juu ya bendeji, upande wa kushoto, akaubakiza pale. Kisha akaushika tena, akauhamisha mpaka upande wa kulia, kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha, akaukandamiza.

"Hii ya huku," akasema, "bado iko kazini."

Hapo ndipo Nasambu alipolia, kwa sauti, wodi nzima ikisikia.